UZI: Mlima Meru, Ngurdoto na maziwa ya Momella – hifadhi inayotufaa zaidi sisi watu wa Unguja na Pemba

Mwana wa Makunduchi (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Kwetu mtu akisema anataka kwenda kutembea hifadhini bara, atatajiwa Serengeti au Ngorongoro, kisha atatajiwa bei, na maneno yanakufa hapo hapo. Leo naomba tuizungumze Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yenye Mlima Meru, shimo la Ngurdoto na maziwa ya Momella. Nimeshakwenda peke yangu, nimeshakwenda na familia, na kila nikirudi nazidi kuamini kuwa katika hifadhi zote za kaskazini hii ndiyo inayomfaa mtu wa visiwani. Bei ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni ardhi yenyewe.

Sisi tumekulia juu ya matumbawe. Chimba kisima Makunduchi, Jambiani, Nungwi au Micheweni, jembe litagonga jiwe jeupe lililojengwa na viumbe vya bahari, na ndani yake utakuta makombe yamegandamana. Ardhi yetu imetoka majini. Na ni ya chini: hakuna kilima Unguja wala Pemba kinachofika mita 150. Mtu wa ardhi hiyo akisimama Momella asubuhi, akaukabili mlima wa mita 4,566, na jiwe analolikanyaga ni jeusi, jepesi, lina vitundu kwa sababu liliwahi kuwa moto wenye gesi, huyo haangalii mandhari tu. Anaona nchi iliyoumbwa kwa njia isiyo ya kwao hata kidogo. Mwenyeji wa huko kalizoea jiwe lile tangu utotoni. Sisi hatujalizoea, na kwa hilo tunaona zaidi.

Nianze na mlima.

Meru ni wa pili kwa urefu Tanzania baada ya Kilimanjaro. Zamani ulikuwa mzima pande zote. Kiasi cha miaka 8,000 iliyopita ubavu wa mashariki uliporomoka, miamba na tope vikateremka kwa kishindo hadi mbali uwandani. Kilichobaki juu ni bakuli lililomeguka upande mmoja, na ule mmeguko ndio unaotazama maziwa. Ukuta wa ndani unakwenda juu zaidi ya mita 1,500, wima. Katikati ya shimo umeota mlima mwengine wa jivu, mweusi, ncha yake imechongoka, nao ni kazi ya miripuko iliyokuja baadaye. Mara ya mwisho Meru kutoa jivu ilikuwa 1910. Waliozaliwa mwaka huo tumewawahi, ndio mabibi zetu. Kwa umri wa milima hiyo ni jana, ndiyo maana hakuna anayeuhesabu kuwa umekufa, wanasema umelala.

Sasa sikilizeni jambo lililonivutia kuliko yote. Maziwa ya Momella ni mtoto wa mporomoko ule. Tope na miamba viliposimama viliacha vilima vidogo vidogo vimetapakaa, na baina yake mabonde yasiyo na mlango wa kutokea. Maji ya chini ya ardhi na ya mvua yakaingia humo yakakaa. Yako saba: Momella Kubwa, Momella Ndogo, Rishateni, Lekandiro, Tulusia, Kusare na El Kekhotoito. Hayatoi mto. Maji yanaingia na magadi yaliyoyeyuka kutoka kwenye mawe ya volkano, jua linakausha maji, magadi yanabaki. Na kwa vile kila ziwa linalishwa kivyake, kila moja lina kiasi chake cha magadi, viumbe vyake vya majini na rangi yake. Unapita kwa gari, hili la kijani iliyokoza, linalofuata la buluu, jengine limepauka, na umbali wa baina yao ni mdogo sana.

Heroe (flamingo) wanakuja humo kwa wakati wao. Mama zetu wa Paje na Bweleo wanalima mwani, wanajua mmea wa majini unavyoweza kulisha nyumba. Heroe naye anaishi kwa aina ya mwani mdogo usioonekana kwa jicho, unaopenda magadi. Anauchuja kwa mdomo kichwa kikiwa chini juu, na ile rangi ya waridi ya manyoya inatokana na chakula hicho. Kuzaa, anakwenda Ziwa Natron. Momella anakuja kula, kwa hiyo kuna miezi utawakuta wamejaa na kuna miezi watakuwa wachache. Mwari, mabata na ndege wa pwani za matope wapo karibu kila siku.

Halafu Ngurdoto. Hili ni shimo la volkano iliyokwisha zamani, upana wake kiasi cha kilomita tatu, msitu umelizunguka ukingo wote. Ndani chini ni majani mabichi na kinamasi, nyati wanalisha, ngiri wanapita. Haruhusiwi mtu kuteremka. Unatazama kutoka juu tu, kwenye vituo vilivyotengwa ukingoni. Wapo wanaolalamikia hilo. Mimi naliunga mkono kwa moyo wote: pawepo mahali ambapo mnyama hakuti gari wala mtu, tangu anazaliwa mpaka anakufa.

Njiani kwenda ukingoni, msituni, tazameni juu. Mbega wapo, weusi wenye mashungi meupe mgongoni na mkia mrefu wenye kishada. Sisi tuna kima punju wetu wa Jozani, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa visiwa vya Zanzibar. Hawa ni jamaa zake wa ukoo mmoja. Mtoto aliyemuona punju Jozani, mpelekeni akamuone na mbega wa Meru. Atawafananisha mwenyewe bila ya kusomeshwa: mikono isiyo na kidole gumba, tumbo kubwa la kusaga majani, kuruka kwao kutoka tawi hadi tawi.

Kuingia: raia wa Tanzania na Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, na ni sehemu ndogo sana ya analolipa mgeni wa nje. Chukueni vitambulisho, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Malipo langoni ni kwa kadi au namba ya malipo. Msiende na mabunda ya noti mkidhani ndiyo njia.

Njia: boti hadi Dar, kisha mwendokasi na daladala mpaka Stendi ya Magufuli, Mbezi, hapo mnapanda basi la Arusha. Safari ya siku nzima. Treni ya Arusha ilirudi 2020, ni ya taratibu lakini watoto wanaipenda. Mwenye uwezo apande ndege Kisauni, kwa saa moja na kidogo yuko Arusha au uwanja wa Kilimanjaro (KIA). Mnaotoka kwa basi, si lazima mfike mjini. Shukeni Usa River, lango la Ngongongare liko karibu na hapo.

Karibuni tuchangie. Walioupanda mlima mpaka kileleni, na wenyeji wa kule, nawasubiri.

---

Fundi wa Jang'ombe

Wa alaykum salaam. Uzi mzuri, lakini nina neno. Serengeti na Ngorongoro watu wanakwenda kwa sababu ya simba. Huko kwako simba yupo? Mtu atoke Unguja, boti, basi, malazi, halafu arudi hajaona simba? Bora akae Jozani.

---

Mwana wa Makunduchi

Fundi, simba usimtarajie. Chui yupo, fisi yupo, lakini kumuona ni bahati. Utawaona twiga kwa wingi, wanasimama karibu na barabara, utaona nyati, pundamilia, kuro, pongo, nyani, digidigi, na ndovu msituni ukijaaliwa. Hapo baada ya lango pana uwanda wa majani wanauita Serengeti Ndogo.

Ila nikujibu kwa upande mwengine. Kwa kuwa simba si wa kutarajiwa, hii ni moja ya hifadhi chache unazoweza kushuka garini ukatembea kwa miguu, na askari wa hifadhi mwenye bunduki, ukamuona twiga na wewe umesimama ardhini. Ukapanda mtumbwi wa kasia Momella Ndogo ukawatazama nyati ukiwa majini. Serengeti utamuona simba kwa dirisha la gari. Mtu wa pwani aliyezoea kutembea na kupiga kasia, kipi kitamkaa zaidi? Mimi nimeshajibu kwa miguu yangu.

Na kuhusu Jozani nakuunga mkono kabisa. Ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na wapo watu wazima wa Mjini hawajaingia hata mara moja. Aanze hapo, kisha avuke bahari.

---

Binti wa Wete

Shukrani kaka. Mimi nauliza la wanawake. Naweza kupanda huo mlima na mavazi yetu? Na baridi yake ikoje? Sisi Pemba kipupwe kikija tu tunatafuta mablanketi.

---

Mwana wa Makunduchi

Dada, karibu. Nimepanda na kundi lililokuwa na wanawake watatu wa Kizanzibari na wote walifika mahali walipokusudia.

Mavazi: suruali pana nene ndani, dira fupi au kanzu isiyovuka magoti sana juu yake, halafu koti. Buibui refu linakanyagwa kwenye mawe na ni hatari, hasa kwenye ukingo. Kichwani mtandio wa pamba chini, kofia ya sufi juu, masikio yazibwe. Makoti mazito usinunue mapya: nenda Darajani kwenye mitumba, au ukifika Arusha utayapata tele, na wapo wanaokodisha. Glavu, soksi nene jozi kadhaa, tochi ya kuvaa kichwani, buti uliyokwisha kuizoea mguuni.

Baridi yake si ya kipupwe. Kileleni alfajiri maji kwenye chupa yanaganda. Huko kunaposhuka chini ya sifuri, upepo ndio unaokata.

Safari yenyewe huwa siku tatu au nne. Chukueni nne. Sisi tumetoka usawa wa bahari kabisa, damu yetu haijawahi kuzoea hewa nyepesi. Siku ya kwanza mnatoka lango la Momella, mita 1,500 hivi, mnapita msituni na kwenye lile pango la mti, mkuyu uliojenga tao njiani, gari inapita chini yake. Mnalala vibanda vya Miriakamba, mita 2,514. Siku ya pili mnalala vibanda vya Saddle, mita 3,570. Mchana huo mkipata nguvu pandeni Meru Ndogo, kiasi cha mita 3,800, mkashuke mlale chini; mwili unajifunza. Usiku kama saa saba au saa nane mnaondoka kwenda kileleni.

Kichwa kikiuma kidogo ni kawaida. Kikiuma sana, ukatapika, ukayumba, mwambie kiongozi papo hapo na ushuke. Dawa ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka. Asikushawishi mtu kwamba kilele kiko karibu. Meru Ndogo peke yake ni safari ya haja, na aliyeishia hapo ana habari nzima ya kusimulia.

---

Ustadh wa Mwembetanga

Allah awabariki. Naulizia sala na chakula. Je, vyakula vya safari ni halali, na alfajiri inawakuta wapi?

---

Mwana wa Makunduchi

Shekhe, chakula mnakubaliana na mpishi kabla ya kuondoka. Arusha ina Waislamu wengi na mabucha yao, si jambo gumu. Sisi tulinunua nyama na kuku wenyewe sokoni tukamkabidhi mpishi. Uji, viazi, wali, maharage, ndizi, hivyo ndivyo vinavyoliwa zaidi mlimani, kwa sababu juu tumbo halitaki mafuta.

Alfajiri inakukuteni ukingoni, baina ya Saddle na kilele. Kibla ni kaskazini kama ilivyo kwetu. Tuliswali wawili wawili kwa sababu nafasi ya usawa ni ndogo, wengine wamesimama pembeni, kiongozi wetu, ambaye si Muislamu, akazima redio yake na kuwaambia wapagazi wangoje. Kilimanjaro ilikuwa mkono wa kulia, mwanga unaanza kutoka upande wake. Maji ya kutawadha chukua kwenye chupa ya chai yenye kuhifadhi joto; ya kibandani yanauma mifupa.

---

Mpemba wa Usa River

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi mtu wa Kojani, niko Usa nafanya biashara ya duka tangu ujana, wanangu wote wamezaliwa huku. Nimeusoma uzi kwa furaha, nami nina ya kuongeza, maana mgeni anaona mlima lakini hajui unavyoishi na watu.

La kwanza, maji. Yale yale mawe ya volkano aliyoyasema mwanzisha uzi yana floridi nyingi. Maji ya chini yanapita humo yanaibeba. Maziwa ya Momella yana floridi ya kiwango kikubwa mno, na visima na chemchemi nyingi za upande huu, hasa Ngarenanyuki, zinayo kuliko inavyofaa kunywa. Ndiyo maana mtawaona watu wa huku, vijana kwa wazee, wana meno ya rangi ya kahawia. Tafadhalini, mkija msiwacheke wala msiwaulize kama hawapigi mswaki. Nimeona wageni wakifanya hivyo. Ni maji waliyokunywa wakiwa watoto, meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi. Kwa wengine inafika kwenye mifupa, miguu inapinda. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachotengeneza njia ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mimi wanangu niliwalea kwa maji ya mvua niliyoyakinga, kama tulivyokuwa tukifanya Kojani ambako maji matamu ni shida. Kwa mgeni wa siku chache hakuna la kuogopa, nunueni maji ya chupa tu.

La pili, udongo. Mlima huo unaonyima maji mazuri upande mmoja unatoa shamba upande mwengine. Jivu la zamani limekuwa udongo mweusi ambao ukichomeka kijiti kinashika. Miteremko ya kusini, inayopata mvua, kahawa na migomba imefungana. Upande wa kaskazini mvua ni kidogo, ni vumbi na nyasi za mifugo. Mlima mmoja, nchi mbili.

La tatu ni la heshima. Ardhi hii ina historia ya watu. 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwafukuza Wameru kama 3,000 katika Engare Nanyuki (ndiyo Ngarenanyuki), hapo hapo pembeni mwa hifadhi ya leo, ili ardhi wapewe walowezi wafugie ng'ombe. Nyumba zikachomwa. Wameru wakachangishana pesa, na 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kwenda kuisema dhulma hiyo. Hawakurudishiwa ardhi wakati ule, lakini nchi nzima ilisikia, na kesi ile iliwaamsha wengi kabla TANU haijazaliwa 1954. Mkipita njia ya Ngarenanyuki mjue mnapita wapi. Waongozaji wengi hawalitaji mpaka waulizwe, na mzee wa Kimeru ukimuuliza anakaa kitako kukueleza.

---

Mwana wa Makunduchi

Ami, umenifundisha. Hilo la Kirilo nililisikia kwa juu juu tu. Hili la floridi ningeliweka juu kabisa ya uzi kama jukwaa lingeniruhusu kuhariri.

Na hapo naona hoja yangu inapata nguvu. Volkano haikuishia kwenye picha. Rangi ya ziwa, chakula cha heroe, meno ya mtoto wa Ngarenanyuki, kahawa ya Meru, yule mlowezi aliyeitamani ardhi, vyote asili yake ni jambo moja lililotokea chini ya ardhi: Bonde la Ufa linatanuka, ukoko wa dunia unapasuka, moto unapata njia. Kilimanjaro, Meru, Ngorongoro, Oldoinyo Lengai, wote ni wa mpasuko huo. Lengai bado ni hai, uliripuka 2007.

---

Nahodha wa Mkokotoni

Wanangu, mimi mzee, magoti hayapandi mlima. Kuna faida gani kwangu kwenda? Mjukuu wangu anasoma Arusha ananiita kila likizo.

---

Mwana wa Makunduchi

Shikamoo babu. Nenda, tena usichelewe. Ngurdoto na Momella zote ni za gari, kwa siku moja zinatosha bila ya kukimbizana, na kwenye vituo vya kutazamia unashuka hatua chache tu. Mwambie mjukuu akodi gari iliyoinuka kidogo, barabara za ndani ni za vumbi na mvua ikinyesha zinateleza.

Nenda Januari au Februari, au kuanzia Juni mpaka Oktoba. Masika usiende, barabara za msituni zinakuwa tope. Ila Julai na Agosti kuna ukungu, mlima huweza kujifunika siku nzima. Mimi napenda zaidi Februari: kaskazi inavuma huku kwetu, bahari imetulia boti haisumbui, na kule asubuhi zinakuwa safi, unaiona Meru mbele na Kilimanjaro upande wa pili. Fikeni mapema. Ikifika saa nne, saa tano, mawingu yanapanda.

Na babu, wewe uliyesoma upepo na mkondo umri wako wote, simama Momella Kubwa uyatazame maji yale. Hayana kupwa wala kujaa, hayana mlango. Natamani nisikie utasemaje.

---

Fundi wa Jang'ombe

Nimesoma yote. Nauliza la pesa sasa kwa dhati, maana nina watoto wanne na mama yao. Kipi kinakula pesa zaidi?

---

Mwana wa Makunduchi

Fundi, kiingilio kwa raia ni kidogo, na watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi. Kinachokula ni gari. Gari ya kukodi yenye dereva, pamoja na kiingilio cha gari yenyewe, ndiyo gharama ya siku. Ndiyo maana nasema msiende nyumba moja moja. Shirikianeni nyumba mbili, jazeni gari, mgawane. Malazi Usa River au Maji ya Chai yapo ya kawaida, si lazima hoteli za watalii. Chakula mpike au mnunue mjini mkabebe, ndani ya hifadhi pana sehemu za kukaa kula. Takataka zote mrudi nazo, na nyani asipewe chochote hata akiomba vipi, maana akishazoea chakula cha mtu anageuka mnyang'anyi na mwisho wake anauliwa.

Kupanda mlima ni hesabu nyengine: askari, kiongozi, wapagazi, vibanda, kila siku ina malipo yake. Hiyo weka akiba mwaka mzima. Na wapagazi walipwe vizuri. Wanabeba mizigo yetu kwa mgongo mahali ambapo sisi hata pumzi zetu zinatushinda.

---

Mwalimu wa Chake

Nimefuatilia kimya. Nasomesha jografia, kidato cha tatu. Kila mwaka nachora volkano ubaoni, tundu, ukuta, koni ya jivu, na wanafunzi wanachora kwenye madaftari wanafaulu mtihani, lakini najua hakuna aliyeamini kwamba kitu hicho kipo. Nataka kuwapeleka. Inawezekana kwa skuli ya serikali ya Pemba? Niandike kwa nani, nipite njia gani?

---

Mpemba wa Usa River

Mwalimu, inawezekana, na skuli za bara zinakuja kila muhula. Andika barua ya skuli kwa mhifadhi mkuu wa hifadhi, utaje idadi ya wanafunzi na walimu, tarehe na namba ya gari, uipeleke mapema. Wanafunzi wana kiwango chao cha malipo. Omba ndani ya barua mpewe askari wa kuwatembeza kwa miguu, na useme wazi kuwa ni somo la miamba na volkano, ili mpewe anayelijua somo.

Njia, meli ya Tanga ikiwepo ndiyo fupi kwenu, kisha basi kutoka Tanga kupitia Korogwe na Moshi, mnashuka Usa kabla ya mjini. Isipokuwepo, pitieni Unguja na Dar. Kulala, skuli na madrasa za huku zinapokea wageni wakati wa likizo, na mimi nitawaulizia. Niandikie faraghani hapa jukwaani.

Siku ya ziara muwepo langoni asubuhi mapema. Anzeni Momella wakati mlima uko wazi, waoneshe ule ubavu ulioanguka kwanza, ndipo uwageuze watazame maziwa na vilima. Wakiona kwa mpango huo wataunganisha wenyewe. Ngurdoto iwe mchana, kuna kivuli. Saa 12 jioni gari iwe imeshatoka nje.